Ungana na jirani kabla ya kununua paneli: mbinu za umeme wa vijiji Lualaba

Umeme wa jimbo la Lualaba, nchini Kongo, ni mwingi na ni wa siku nyingi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, megawati 108 na 248, yalijengwa kwenye mto Lualaba miaka ya 1950 ili kulisha viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière. Mwaka 1982 ukafika umeme wa Inga, kwa njia ya kilomita kama 1,700 inayoishia Kolwezi. Miaka ya karibuni limeongezeka bwawa la Busanga, megawati 240, linalohudumia mgodi wa Sicomines. Hata hivyo, toka mjini Kolwezi kwa barabara ya Mutshatsha au ya Fungurume jioni uone: vijiji vingi vinamulikwa na tochi za simu, na bukari inasongwa kwa moto wa makaa. Mjini penyewe delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu, imekuwa sehemu ya ratiba ya mapishi.

Wengi huuliza kwa nini kijiji kisichote kwenye zile nyaya kubwa zinazopita juu ya mashamba yake. Jibu ni la kiufundi. Njia ya Inga inabeba umeme wa mkondo mnyoofu wenye nguvu ya volti laki tano. Ili kijiji kiwashe hata balbu moja, ingebidi kwanza kijengewe kituo cha kuugeuza umeme huo, na gharama yake ni ya kiwanda kizima. Ndiyo maana jamii ikipata pesa ya mgodi hukimbilia jua. Zinakuja paneli, zinakuja betri, linakatwa utepe. Mwaka wa tatu taa zinaanza kuzimika saa mbili usiku. Mwaka wa tano paneli zimebaki juu ya paa, na chini yake betri zimevimba.

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Hapakuwa na wa kuitwa tu. Katika mikutano ya vijiji kuna swali ambalo mama mmoja wa nyuma hulitoa baada ya wakubwa kumaliza hotuba: “Papa shefu, mashine ikikufa, tutaita nani?” Mradi usio na jibu la swali hilo haufai kuanza. Na jibu, kwa kijiji kimoja cha kaya 130, ni ghali mno. Kwa vijiji vitatu linawezekana. Kwa hiyo ushauri wa makala haya ni huu: unganeni na majirani kabla ya kununua paneli ya kwanza. Yanayofuata ni namna ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua.

1. Jueni pesa inapita wapi

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imeacha milango mitatu ambayo jamii inaweza kubisha.

Wa kwanza ni mrabaha, ule ambao ofisini wanauita redevansi. Shaba hulipiwa asilimia 3.5 ya thamani yake. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, hulipiwa asilimia 10. Katika pesa hiyo, asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa ETD ambamo mgodi umo, yaani mji, komini, sekta au sheferi yenye bajeti yake. Pigeni hesabu: mgodi ukiuza shaba ya dola milioni 100, mrabaha ni dola milioni 3.5, na fungu la ETD ni dola 525,000.

Wa pili ni asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, ambayo sheria imeiweka kuwa kima cha chini kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Mauzo yaleyale ya dola milioni 100 yanatoa dola 300,000. Fungu hili husimamiwa na chombo maalumu chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii. Watu wamezoea kukiita DOT.

Wa tatu ni ahadi za kampuni kwa jamii, cahier des charges, zinazoandikwa kwa miaka 5 baada ya mazungumzo. Hapa umeme huingia kwa urahisi, kwa sababu kampuni zina mafundi na zina uzoefu. Migodi yenyewe imeanza kugeukia jua: mwaka 2025 Kamoa-Kakula iliingia mkataba na CrossBoundary Energy wa kupata megawati 30 usiku na mchana kutoka kwenye paneli na betri. Jamii inayozungumza na kampuni ya namna hiyo isiishie kuomba taa. Iombe nafasi za vijana wake kufundishwa na mafundi haohao.

Kabla ya kuomba chochote, pateni karatasi tatu: mpango wa maendeleo wa ETD yenu, bajeti yake ya mwaka huu, na orodha ya miradi ya DOT. Mradi usioandikwa katika mpango na bajeti hauna pesa, hata kama kila mtu ameukubali kwa mdomo. Ripoti za ITIE, zinazochapisha malipo ya migodi, zitawasaidia kulinganisha kilicholipwa na kilichoandikwa. Mkikwama, mashirika kama IBGDH ya Kolwezi na AFREWATCH ya Lubumbashi yana watu waliozoea kusoma karatasi hizi.

Kisha kumbukeni yaliyotokea mwaka 2025. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na tarehe 16 Oktoba ikaurudisha kwa viwango maalumu vya tani. Mrabaha hutozwa bidhaa inapotoka. Bidhaa isipotoka, akaunti haipokei. Basi jiwekeeni kanuni mapema: pesa ya mgodi ni ya kujengea, pesa ya watumiaji ni ya kuendeshea. Mshahara wa fundi usitegemee bei ya kobalti.

2. Chagueni majirani kwa umbali na kwa ramani

Watu hupenda kuungana na ndugu. Umeme hauujui undugu, unaujua umbali. Nyaya za kawaida za majumbani huanza kupoteza nguvu baada ya mita mia kadhaa, na kufika kilomita moja balbu ya mwisho ni hafifu na friji inaungua. Kuvuka hapo kunahitaji nyaya za volti kubwa na kabini za kuishusha, na gharama hupanda ghafla.

Kuna namna mbili za kuungana. Vijiji vilivyo karibu sana, kilomita mbili au tatu, vipimieni uwezekano wa mtambo mmoja wenye njia fupi ya volti kubwa kati yake. Vijiji vilivyotawanyika, kama vile vilivyo kando ya reli kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha na Dilolo, kila kimoja kiwe na mtambo wake mdogo, lakini vyote viwe na fundi mmoja, ghala moja la vipuri, aina moja ya vifaa na kanuni moja ya bei. Namna hii ya pili haihitaji hata mita moja ya waya kati ya vijiji, na ndiyo itakayofaa sehemu kubwa ya jimbo hili.

Faida yake inaonekana kwenye hesabu. Tuseme fundi analipwa dola 200 kwa mwezi. Kijiji cha kaya 130 kikimwajiri peke yake, kila kaya inachangia zaidi ya dola moja na nusu kwa mwezi kabla hata ya kuwasha taa. Vijiji vitatu vyenye kaya 400 vikimwajiri pamoja, mchango ni senti 50.

Halafu fungueni ramani ya Kadastri ya Madini, CAMI, ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia kwenye intaneti. Tazameni kama mahali mnapotaka kusimika nguzo pamo ndani ya kibali cha uchimbaji cha mtu. Kolwezi watu wanajua maana ya jambo hili. Mwaka 2023 Amnesty International na IBGDH walichapisha ripoti juu ya wakazi waliohamishwa ili migodi ipanuke, hata ndani ya mji wenyewe. Ikiwa kijiji kimo ndani ya kibali, msikate tamaa ya umeme, ila badilisheni ujenzi: betri na mitambo viwekwe ndani ya kontena, paneli zifungwe kwenye fremu za kufunguka kwa bolti, na mali yote iorodheshwe na kupigwa picha. Siku ya kuhamishwa ikija, mtambo unapakiwa kwenye lori, na msichoweza kubeba mnakidai fidia mkiwa na ushahidi mkononi.

3. Undeni ushirika, ndipo muagize vifaa

Kamati ya maendeleo inaweza kudai umeme, lakini si chombo kizuri cha kuuza umeme. Haina mtaji, na mara nyingi haina akaunti. Tangu Kongo iingie mwaka 2012 katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za pamoja za biashara, sheria ya ushirika ya jumuiya hiyo inatumika hapa pia, nayo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Watu watano wanatosha kuanzisha ushirika wa aina rahisi, na kuanzia watu kumi na watano mnaweza kuanzisha ule wenye bodi. La muhimu kwetu ni kwamba vyama viwili au zaidi vinaweza kuunda muungano wa vyama. Hapo ndipo vijiji vitatu vinapata mwili mmoja wa kisheria: kila kijiji na ushirika wake, na juu yake muungano unaomwajiri fundi, kununua vipuri na kushika mfuko wa betri.

Kanuni zenu zikae kwenye ukurasa mmoja ambao kila mtu anaweza kusomewa kwa Kiswahili. Zisikose haya:

- Mwanachama mmoja, kura moja, hata kama mwingine amenunua hisa kumi. Wekeni pia kikomo cha hisa ambazo mtu mmoja anaweza kushika.
- Shefu wa kijiji ni mlezi. Anatoa ardhi, anaamua ugomvi, anafungua mikutano. Hashiki pesa wala hatii sahihi ya benki. Mkimwondolea mzigo huo mapema, mnamlinda na lawama.
- Nusu ya bodi wawe wanawake. Wao ndio wanaojua makaa yanakula falanga ngapi kwa wiki na mashine ya kusaga ikisimama nani analala na njaa, kwa hiyo watauliza maswali ambayo wanaume hawayafikirii.
- Hesabu ya kila mwezi inasomwa hadharani, siku ileile, mahali palepale: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.
- Kijiji kinachotaka kujitoa kinatoka na mtambo wake, ila fungu lake kwenye mfuko wa betri linabaki kwa muda mliokubaliana. Bila kanuni hii, mwaka wa kwanza wenye hasira utavunja muungano.

4. Hesabuni matumizi nyumba kwa nyumba

Msikubali mtu aje na mtambo wa “kilowati 50” kabla hajajua mnatumia nini. Watumeni vijana wanne wapite kila nyumba na kila biashara na maswali matano: mnawasha nini, kwa saa ngapi, mchana au usiku, sasa mnalipa kiasi gani kwa mishumaa, betri za tochi, kuchaji simu na mafuta ya jenereta, na umeme ukija mngefanya kazi gani mpya?

Huu hapa mfano wa vijiji vitatu vyenye kaya 400. Kaya yenye taa, simu, redio na televisheni ndogo itatumia kama yuniti (kilowati-saa) 0.3 kwa siku. Zote pamoja, 120. Mashine tatu za kusaga mahindi, kila moja ya kilowati 7.5, zikifanya kazi saa nne, ni 90. Vituo vya afya 15. Maduka, friji za samaki na mtu wa kuchomelea vyuma, 45. Jumla ni yuniti 270. Ongezeni asilimia 20 kwa zinazopotea njiani, mnafika 324. Katika ukanda huu kilowati moja ya paneli hutoa kama yuniti 4 kwa siku kwa makadirio ya tahadhari. Gawanyeni: mnahitaji paneli za kilowati kama 81.

Kisha ulizeni yuniti ngapi zinatumika baada ya jua kuzama, kwa sababu betri ndiyo ghali. Ikiwa ni 140, na betri haifai kutumiwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, mnahitaji betri ya yuniti 175. Hapa pana nafasi ya kuokoa pesa nyingi bila kununua chochote. Sageni mahindi mchana. Mashine ya kusaga ikiwashwa, kwa sekunde chache inavuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida yake. Ikiwashwa saa moja jioni taa za kijiji kizima zinafifia, na kigeuza umeme kinaweza kujizima ili kujikinga. Ikisaga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, inakula jua moja kwa moja na betri inabaki imejaa. Bei iseme hivyo: yuniti ya mchana iwe rahisi kuliko ya usiku. Na mashine tatu zisiwashwe katika dakika ileile. Wenye mashine wapeane zamu.

Tena, msiahidi kupika. Jiko la umeme la nyumba moja linaweza kumaliza umeme wa nyumba kumi. Makaa yapunguzwe kwa majiko bora kwanza, na umeme ubaki kwenye taa, kusaga, kugandisha na kutibu.

5. Nunueni vifaa vinavyoijua nchi yenu

Vijiji vyote vya muungano vinunue vifaa vya aina moja, hata kama kimoja kimepata ofa nzuri ya aina nyingine. Kigeuza umeme kimoja cha akiba kikikaa ghalani kinavilinda vyote vitatu. Vikiwa vya aina tatu, mnahitaji vitatu vya akiba, na hamtavinunua.

*Nyaya.* Katika nchi ya shaba msitundike shaba juu ya nguzo. Waya wa shaba una mnunuzi kabla haujafika barabarani. Tumieni nyaya za alumini zilizosokotwa na kufunikwa, ambazo mwizi hana haja nazo na ni nyepesi kuvuta.

*Radi.* Kongo ni miongoni mwa nchi zinazopigwa na radi zaidi duniani, na kuanzia Novemba hadi Machi Kolwezi inalijua hilo. Mtambo usio na waya wa ardhi uliopimwa na vizuizi vya radi pande zote mbili, upande wa paneli na upande wa nyaya za kijiji, utaungua katika msimu wake wa kwanza au wa pili. Mkandarasi apime ardhi mbele yenu kwa kifaa na aandike namba kwenye karatasi ya makabidhiano. Pimeni tena kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, udongo unapokuwa mkavu kuliko wakati wote, kwa sababu kipimo cha wakati wa mvua kitawadanganya.

*Vumbi.* Malori ya madini yakipita wakati wa kiangazi, paneli zinavaa koti jekundu kwa siku chache. Zielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, zisilazwe kabisa, ili mvua izioshe yenyewe. Kuanzia Mei hadi Septemba zioshwe kila wiki au mbili, alfajiri kabla kioo hakijapata joto, kwa maji matupu na kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo cha moto mchana huleta nyufa.

*Nguzo.* Mchwa wa ukanda wetu huu wa Katanga hawali mbao tu, wanajenga na vichuguu virefu kuliko mtu. Nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa itaanguka ndani ya miaka michache.

*Betri.* Za risasi na asidi ni rahisi dukani, ila nyingi hufa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Za lithiamu zenye chuma na fosfeti ni ghali mwanzoni, lakini hustahimili joto na mara nyingi hufika miaka kumi zikitunzwa. Betri hizo hazina hata gramu moja ya kobalti, na mtu wa Kolwezi ana haki ya kucheka hapo, kisha azinunue. Zikae kwenye chumba chenye hewa, kivuli na mlango unaofungwa, na mkataba useme nani atachukua zilizokufa.

6. Wekeni bei inayolipia betri ijayo

Umeme wa bure ndio unaozimika haraka kuliko wote. Lakini bei isitolewe kwenye kichwa cha mtu. Itoke kwenye gharama. Tuseme betri ya vijiji vitatu ni dola 45,000 na itadumu miaka 10. Kila mwaka wekeni pembeni dola 4,500. Kwa kaya 400 ni chini ya dola moja kwa mwezi, na wenye mashine za kusaga wakibeba sehemu yao, kaya maskini italipa pungufu zaidi. Ongezeni mshahara wa fundi, mlinzi, vipuri na akiba ya dharura. Gawanyeni kwa yuniti mtakazouza. Kisha linganisheni na ile pesa ya mishumaa na kuchaji simu mliyoiandika nyumba kwa nyumba. Ikiwa bei yenu inaizidi, punguzeni mtambo. Msipunguze mfuko wa betri.

Mambo matatu ya mfuko huo: uwe na akaunti yake peke yake, uwekwe kwa dola, maana betri inanunuliwa kwa dola huku watu wakilipa kwa falanga, na sahihi zitoke vijiji viwili tofauti. Hapa tena jirani ni kinga, kwa sababu ni vigumu zaidi watu wa vijiji viwili kukubaliana kula pesa kuliko watu wa nyumba mbili.

Mita ziwe za kulipia kabla, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mtu anunue umeme wa falanga kidogo kidogo kama anavyonunua chumvi. Na mkusanyaji asiyegusa noti hana cha kushawishika nacho.

7. Pateni kibali na muandike mkataba wa majirani

Sheria ya umeme ya Juni 2014 ilimaliza enzi ya SNEL, shirika la umeme la taifa, kuwa peke yake. Sasa kampuni, ushirika au ETD inaweza kuzalisha na kuuza, kwa kibali kinachotegemea ukubwa wa mtambo na kazi yake. Kwa mtambo wa kijiji, mlango wa kwanza ni ofisi ya nishati ya jimbo hapo Kolwezi. Nendeni mkiwa na hesabu ya hatua ya nne na ramani ya hatua ya pili, na muulize kwa maandishi: mtambo wa ukubwa huu, unaouzia watu hawa, unahitaji kibali gani? Mamlaka ya usimamizi, ARE, ndiyo inayoangalia bei na haki za mteja. Wakala wa umeme wa vijijini, ANSER, una mfuko wa Mwinda unaosaidia miradi ya vijijini na pembezoni mwa miji. Mradi wenye ushirika, hesabu na kibali unasikilizwa kabla ya ule wenye barua ya malalamiko.

Kwa vijiji vilivyo katika ETD mbili tofauti, kwa mfano sekta na komini, kuna silaha ambayo watu wachache huitumia. Kifungu cha 199 cha Katiba ya 2006 kinaruhusu majimbo kuunda mfumo wa kuratibu sera zao na kuendesha baadhi ya huduma kwa pamoja, na kinazipa ETD uwezo huohuo kwa mujibu wa sheria. Maana yake, sekta yenye mgodi na jirani yake asiye na mgodi wanaweza kuandikiana mkataba: mmoja alete pesa ya mrabaha, mwingine alete ardhi, maji ya kuoshea paneli, mafundi au soko la umeme wa mchana. Andikeni nani ni mwenye mali, nani anaendesha, nani analipia ukarabati, na mgogoro unaamuliwa wapi. Hilo la mwisho lisiachwe wazi, kwa sababu mipaka ya ETD katika ukanda wa madini inabishaniwa kila fungu la pesa linapoongezeka.

Ongezeni kifungu kimoja cha kujikinga: SNEL ikifika siku moja na nyaya zake, mtambo wenu utafanywaje? Utaiuzia umeme, utabaki kama akiba, au utahamishiwa kijiji kingine cha muungano? Ni rahisi kulijibu leo kuliko siku nguzo zao zikiwa mlangoni.

8. Nendeni mkaone kwa macho

Ujumbe wa watu wanne, wawili wakiwa wanawake na mmoja akiwa fundi kijana, utajifunza zaidi katika wiki moja ya kutembelea mradi ulio hai kuliko katika semina nyingi za hotelini.

Wilayani Ludewa, Tanzania, watu wa Lupande, Madunda na Mawengi waliunganisha herufi za majina ya maeneo yao wakapata LUMAMA, chama cha watumiaji kinachosimamia umeme wa maji wa Mawengi, kilowati 300, uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano ACRA. Huko mtauliza kwa Kiswahili, bila mkalimani, maeneo hayo matatu yanagawanaje gharama. Kenya, kijiji cha Mbuiru kando ya mto Tungu, wanakijiji walinunua hisa na kutoa nguvu kazi kwa mtambo mdogo wa kilowati 18. Ulizeni kuhusu hisa. Hapa nchini, Goma ina mtambo wa jua wa Nuru wa megawati 1.3 uliowashwa mwaka 2020 katika mtaa wa Ndosho. Manono, jirani zetu wa jimbo la Tanganyika, wana wa megawati 1. Miradi hiyo miwili ni ya kampuni, kwa hiyo msinakili umiliki wake. Tazameni mita, bei na jinsi betri zinavyotunzwa. Na ng’ambo ya mpaka, Ikelenge nchini Zambia, kuna mtambo wa maji wa Zengamina, kilowati 750, unaowafaa wale wenye maporomoko karibu.

Kila mahali ulizeni swali lilelile: ni kitu gani kiliharibika kwanza, na nani alilipa?

9. Kikao cha kwanza

Msisubiri mfadhili. Ketini mapema wakati wa kiangazi, barabara zikipitika na bajeti ya mwaka ujao ikiwa bado haijafungwa. Kila kijiji kilete watu watano: shefu au mjumbe wake, mama wa soko, kijana anayejua kutengeneza simu au redio, muuguzi au mwalimu, na mwenye mashine ya kusaga. Ajenda iwe fupi: kupokea karatasi tatu za pesa, au kuchagua watu wa kwenda kuzidai, kuchora ramani ya vijiji na umbali wake, kuchagua vijana wa kuhesabu nyumba, na kukubaliana tarehe ya kikao cha pili.

Kabla ya kutawanyika, kila kijiji kichangie kiasi kidogo cha falanga palepale, kiandikwe kwenye daftari na kusomwa kwa sauti. Kiasi si hoja. Mnapima kama watu wa vijiji vitatu wanaweza kuweka pesa kwenye mfuko mmoja na kuikuta yote mwezi unaofuata. Wakiweza, tafuteni paneli. Wakishindwa, mtakuwa mmejua kwa bei ya soda chache jambo ambalo vijiji vingine vimelijua kwa bei ya mtambo mzima.